Kusoma Plagi za Injini ya Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchakavu na Uchafu

Majibu haya yanahusu injini za petroli zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda), na kwa sehemu kubwa yanafaa pia kwa injini za mwanzo za injekta ambazo bado zilitumia koili moja, yaani kifaa kinachopandisha volti ya betri hadi ile ya cheche. Anayetafuta jedwali la rangi lenye tafsiri moja kwa kila rangi hatalipata hapa, kwa sababu jedwali la namna hiyo limewapotosha watu wengi kuliko lilivyowasaidia.

Kwa nini plagi za gari la zamani huchafuka upesi kuliko za gari la kisasa?

Sababu ya kwanza ni kabureta. Injini ya kisasa ina kihisi kinachopima oksijeni iliyobaki katika moshi, na kompyuta hurekebisha kiasi cha petroli kila wakati. Kabureta haina habari hizo. Hupima petroli kwa tundu la jeti, kimo cha boya na mvuto wa hewa, na kila kimojawapo kikichakaa au kuziba, mchanganyiko hubadilika bila mtu yeyote kuarifiwa. Juu ya hapo kuna choki, ambayo kazi yake ni kuongeza petroli injini ikiwa baridi, na ambayo ikikwama nusu ya njia huendelea na kazi hiyo hata injini ikishapata moto.

Sababu ya pili ni udhaifu wa cheche. Koili inayoendeshwa na pointi, yaani swichi ndogo ya chuma ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itokee, haina akiba kubwa ya volti, na masizi ya kaboni hupitisha umeme. Pua ya kauri inayozunguka elektrodi ya kati ikishafunikwa na masizi, umeme huteleza juu yake na kuingia kwenye ganda la chuma kabla volti haijapanda vya kutosha kuruka pengo. Injini yenye mfumo wa kielektroniki huweza kuushinda uchafu ambao injini ya pointi ingezimika nao.

Sababu ya tatu ni matumizi. Pua ya kauri hujisafisha yenyewe ikifikia joto la takriban nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi, kwa kuwa katika joto hilo kaboni huungua. Gari linalowashwa, likasogezwa mita mia chache na kuzimwa, halifikii joto hilo kamwe. Magari mengi ya zamani yanayopendwa na wenyewe huishi maisha ya namna hiyo hasa: hupashwa moto mara moja kwa wiki bila kwenda popote, kwa nia njema kabisa, na plagi zake ndizo zinazolipia.

Nifanye nini kabla ya kuchomoa plagi ili nitakachokiona kiwe cha kweli?

Endesha gari kwa mwendo wa kawaida wa barabarani kwa kilomita 15 au zaidi, kisha lizime mara tu unapolisimamisha, bila kuliacha lingurume mahali pamoja. Dakika kumi za kunguruma bila kwenda zinatosha kuweka utando mweusi juu ya plagi iliyokuwa safi, na mtu anayeisoma wakati huo atakuwa anasoma zile dakika kumi, si hali ya injini.

Baada ya hapo subiri injini ipoe. Silinda hedi ya alumini ikiwa bado na moto ni laini kiasi, na plagi iliyong'ang'ania inaweza kutoka na nyuzi za tundu lake. Weka alama kwenye kila waya kabla ya kuuvuta, na uvute kwa kushika kofia yake ya mpira, si waya wenyewe. Legeza plagi mzunguko mmoja, puliza mchanga na vumbi vilivyokaa kwenye kishimo chake, ndipo uitoe kabisa. Chembe ya mchanga inayodondokea ndani ya silinda ina madhara makubwa kuliko tatizo lolote ulilokuwa unalitafuta. Zipange plagi juu ya kitambaa au ubao kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi nne zilizochanganywa ndani ya kopo moja zimeshapoteza zaidi ya nusu ya habari zilizokuwa nazo.

Plagi ya injini yenye afya inapaswa kuwa na rangi gani?

Hapa ndipo vitabu vya zamani vinapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Maelezo ya miaka ya 1960 na 1970 husema kwamba plagi nzuri ina rangi ya kahawia isiyokolea, na kwa petroli ya wakati huo maelezo hayo yalikuwa sahihi. Petroli hiyo ilikuwa na risasi, na sehemu ya rangi ile ilitokana na mabaki ya risasi yenyewe. Risasi iliondolewa katika petroli ya magari nchi moja baada ya nyingine, hadi Algeria ilipokuwa ya mwisho kuacha kuiuza, mnamo Julai 2021. Kwa petroli isiyo na risasi, pua ya kauri ya injini iliyo sawa huwa ya kijivu hafifu, au ya rangi ya mchanga iliyopauka, na wakati mwingine hukaribia kuwa nyeupe, ilimradi uso wake uwe laini, wenye utando mwembamba usio na malengelenge wala chembe zilizoyeyuka.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mwenye gari anayetafuta ile kahawia ya kitabuni. Hufungua skrubu ya kabureta na kuongeza petroli kidogo kidogo, wiki hadi wiki, hadi plagi zipate rangi anayoitaka. Kwa kufanya hivyo ameiharibu injini iliyokuwa sawa, na atakapofika kwenye kahawia hiyo atakuwa ameshapita mchanganyiko unaofaa.

Rangi ya chungwa au nyekundu ya matofali kwa kawaida haisemi lolote kuhusu mchanganyiko. Hutokana na viungo vya chuma au manganizi vinavyotiwa katika baadhi ya petroli na katika baadhi ya chupa za kuongeza okteni. Utando wa chuma ukiwa mzito unaweza kupitisha umeme na kuifanya plagi ikose kuwaka, kwa hiyo injini ikianza kumisi (kuruka mwako) na plagi zote zikawa na wekundu, jambo la kwanza la kuacha ni hiyo chupa.

Nitatofautishaje masizi, oili na petroli kwenye plagi nyeusi?

Kwa kidole na pua. Masizi ya kaboni ni makavu, hayana mng'ao, na ukiyapitishia kidole hutoka kama masizi ya kibatari. Oili ni nyeusi yenye mng'ao na unyevu, hushika kidoleni, na haikauki hata plagi ikilala nje usiku kucha. Plagi iliyolowa petroli hunuka petroli, na huanza kukauka mbele ya macho yako; hiyo humaanisha kwamba petroli ilifika lakini haikuwaka, aidha kwa sababu cheche haikuwapo, au kwa sababu petroli ilizidi hadi ikaizima cheche iliyokuwapo.

Kuna pia oili inayokutwa juu ya plagi, kwenye kauri ya nje na ndani ya kishimo chake, ilhali ncha ya ndani ni kavu. Hiyo haitoki kwenye silinda. Imevuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, na ingawa huharibu mpira wa kofia ya waya na kuruhusu umeme kutoroka, haina uhusiano wowote na ringi za pistoni. Wapo waliofungua injini nzima kwa kutochunguza oili ilikuwa upande gani wa nyuzi za plagi.

Plagi zote zina masizi makavu. Nianzie wapi?

Zikiwa zote, tafuta kile ambacho silinda zote hukitumia kwa pamoja. Anza na chujio la hewa, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote. Kisha angalia choki injini ikiwa na moto: bamba lake linapaswa kuwa wazi kabisa, na waya wake usiwe umekaza kiasi cha kulirudisha nyuma kidogo. Kinachofuata kushukiwa ni kimo cha petroli ndani ya kabureta. Boya lililotoboka huingiwa na petroli na kuzama, na sindano yake ikichakaa haifungi vizuri. Katika hali zote mbili petroli hupanda juu ya kimo chake na kufurika kupitia jeti. Kabureta inayotoa harufu ya petroli baada ya injini kuzimwa inastahili kufunguliwa kabla ya kugusa skrubu yoyote ya nje.

Lakini masizi hayamaanishi daima kwamba petroli imezidi. Cheche dhaifu huacha mchanganyiko ulio sawa ukiungua nusunusu, na matokeo yake ni masizi yale yale. Pointi zilizoungua, kondensa (kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue) iliyochoka, koili inayopoteza nguvu ikipata moto na kifuniko cha distributa chenye ufa vyote huleta picha hiyo. Kwa mazoea yangu, baada ya chujio na choki mfumo wa umeme huchunguzwa kwanza na kabureta hufunguliwa mwisho, kwa sababu rahisi kwamba pointi na kondensa hupimika kwa muda mfupi, ilhali kabureta iliyovurugwa bila sababu huchukua siku nzima kurudishwa. Taimingi (wakati ambao cheche huruka) iliyochelewa nayo huchangia, na vivyo hivyo injini isiyopata moto kwa sababu thamostati imebaki wazi au imeondolewa kabisa.

Plagi moja tu ni tofauti na nyingine. Hiyo inamaanisha nini?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa tofauti kati ya silinda na silinda hueleza mengi kuliko rangi yenyewe. Petroli, hewa, koili na hali ya hewa vimekuwa sawa kwa plagi zote. Iliyojitenga imetengwa na kitu kilicho chake peke yake, na vitu vya namna hiyo si vingi.

Ikiwa na masizi makavu, shuku waya wake, kofia yake, au sehemu yake ndani ya kifuniko cha distributa. Njia ya kuhakikisha haihitaji kifaa chochote: hamisha plagi hiyo hadi silinda nyingine na uweke nzima mahali pake, endesha gari siku mbili, kisha chomoa tena. Uchafu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki katika silinda ile ile, badilishana waya na urudie. Ukiendelea kubaki hapo hapo baada ya waya kubadilishwa, umebakiwa na kifuniko cha distributa au na silinda yenyewe, na wakati huo kipimo cha mgandamizo ndicho kinachofuata.

Kipimo hicho hufanywa injini ikiwa na moto wa wastani, plagi zote zikiwa nje, koili ikiwa imekatwa umeme na akseleta ikiwa imekanyagwa hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Silinda ikionyesha mgandamizo mdogo, mimina ndani yake oili kiasi cha kijiko cha chai na upime tena. Ukipanda waziwazi, ringi au ukuta wa silinda umechakaa, kwa maana oili imeziba mwanya kwa muda. Ukibaki ulivyokuwa, hewa inapotelea kwenye valvu au kwenye gasketi ya silinda hedi.

Ikiwa plagi iliyojitenga ni nyeupe kuliko wenzake, tafuta hewa inayopenya karibu na silinda hiyo, hasa kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa na petroli kwa silinda) au kwenye mpira wa breki unaoungana na manifoldi mahali hapo. Na zikijitenga mbili zilizo jirani, fikiria kinachoziunganisha. Katika injini yenye kabureta mbili, silinda 1 na 2 zikiwa nyeusi huku 3 na 4 zikiwa sawa, kabureta ya mbele inahusika. Katika injini yenye kabureta moja, silinda mbili jirani zenye mgandamizo mdogo mara nyingi huwa zimetobokeana kwenye gasketi, katikati yao.

Tofauti ndogo, hata hivyo, ni ya kawaida. Manifoldi za zamani hazigawi petroli kwa usawa kamili, na silinda iliyo mbali na kabureta huweza kupauka kidogo daima bila kuwa na ugonjwa wowote.

Plagi ina oili. Je, injini imekwisha?

Si lazima. Oili huingia katika chumba cha kuunguzia kwa njia kuu mbili: kutoka chini, ikipita ringi za pistoni, au kutoka juu, ikiteremka kwenye gaidi za valvu (mirija ambamo shina la valvu hupanda na kushuka) ambazo sili zake zimekauka. Njia ya pili ni nafuu kurekebisha. Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache gari linapowashwa asubuhi, au unapokanyaga akseleta baada ya kushuka mteremko mrefu, huelekeza kwenye gaidi na sili. Moshi wa buluu unaoendelea wakati wote injini inapovuta mzigo huelekeza kwenye ringi. Angalia pia mabaki yamekaa upande gani wa ncha ya plagi. Yakiwa yamejaa upande unaotazama valvu ya kuingiza hewa na upande wa pili ukawa msafi, oili inaingia na hewa, kupitia gaidi ya valvu hiyo.

Kabla ya yote mawili, safisha mpira na vali ndogo inayotoa hewa ya ndani ya injini. Ikiziba, mvuke wa oili hujazana chini ya pistoni na kutafuta njia popote, na injini iliyo nzima huonekana kama inakunywa oili.

Oili inayoungua polepole kwa muda mrefu huacha majivu: gamba zito, jeupe au la kijivu lenye manjano, linalotokana na viungo vya oili kama kalisi na zinki. Gamba hili halipitishi umeme kama masizi, lakini vipande vyake hubaki vyekundu kwa moto na kuweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake.

Plagi ni nyeupe kabisa na ina malengelenge. Je, nibadilishe tu?

Usiwashe injini tena hadi sababu ijulikane. Plagi chafu hukufanya usimame njiani. Plagi iliyoungua hutoboa pistoni. Ncha inapozidi takriban nyuzi 850 za Selsiasi huanza kuwa chanzo cha moto yenyewe, na mchanganyiko huwaka kabla cheche haijaruka, huku pistoni ikiwa bado inapanda. Mchanganyiko wenye petroli kidogo mno, taimingi iliyosogezwa mbele kupita kiasi, petroli ya okteni ndogo, maji yasiyozunguka vizuri na plagi ya daraja la joto lisilofaa (limeelezwa chini) ndizo sababu za kawaida.

Tazama kauri kwa kioo cha kukuzia. Vitone vidogo vyenye mng'ao wa fedha vilivyotapakaa juu yake huwa ni alumini, na alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Pua ya kauri iliyovunjika au kupasuka mara nyingi ni matokeo ya injini kugonga (petroli kulipuka kwa kishindo badala ya kuungua taratibu) kwa muda mrefu, ingawa mkono wa mtu aliyepanua pengo kwa kusukuma kauri nao huvunja vivyo hivyo.

Na ikiwa plagi moja imesafika kupita zote?

Usiifurahie. Silinda inayoingiwa na maji ya rejeta kidogo kidogo huoshwa na mvuke, na plagi yake hutoka nyeupe na safi kama mpya. Pima kama maji ya rejeta yanapungua, na kama mapovu yanapanda injini ikinguruma. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe kabla injini haijapata moto, si baadaye.

Uchakavu huonekanaje, tofauti na uchafu?

Uchafu huongeza kitu kwenye plagi, uchakavu hukiondoa. Plagi mpya ya kawaida ya nikeli ina elektrodi ya kati yenye ncha bapa na kingo kali, na elektrodi ya pembeni iliyo sawa chini yake. Cheche hupenda kuruka kutoka kwenye ukingo mkali, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya umeme hujikusanya. Kila mruko huondoa chembe ndogo isiyoonekana. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde, na baada ya maelfu kadhaa ya kilomita kingo hizo huwa mviringo, pengo limepanuka, na volti inayohitajika imepanda. Plagi ya namna hii yaweza kuwa na rangi nzuri kabisa. Dalili zake hujitokeza pale injini inapoelemewa: kupanda mlima kwa gia kubwa, kukanyaga akseleta ghafla, au kuwasha gari asubuhi yenye unyevu.

Angalia pia ni elektrodi ipi iliyolika zaidi. Koili ya zamani hupaswa kuunganishwa ili elektrodi ya kati iwe hasi, kwa sababu ndiyo yenye joto zaidi na elektroni hutoka kwa urahisi kwenye chuma chenye joto. Waya ndogo mbili za koili zikibadilishana mahali, injini bado itawaka, lakini itahitaji volti kubwa zaidi kwa kila cheche, na elektrodi ya pembeni itaanza kuchimbika kishimo. Kosa hili hutokea hasa katika magari ambayo mfumo wake wa umeme ulibadilishwa kutoka upande chanya wa betri kufungwa kwenye bodi kwenda upande hasi kufungwa kwenye bodi, kisha koili ikasahauliwa. Ukikuta plagi zote zimechimbika upande wa pembeni, fuata waya kabla ya kulaumu plagi. Katika magari ya baadaye ambayo koili moja huhudumia silinda mbili kwa pamoja, nusu ya plagi hulika kinyume na nusu nyingine, na hilo si kosa.

Pengo lipimwe kwa kifaa gani, na liwe kiasi gani?

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kwa mifumo ya pointi pengo huwa kwa kawaida kati ya milimita 0.6 na 0.8, na mifumo ya kielektroniki huruhusu pengo pana zaidi, hadi milimita 1.1 katika baadhi ya injini. Kuweka pengo pana katika injini ya pointi kwa imani kwamba cheche ndefu ni bora huiongezea koili mzigo isioweza kuubeba.

Kwa plagi iliyotumika, tumia geji ya waya wa mviringo badala ya geji bapa. Elektrodi ya pembeni ikiwa imechimbika, geji bapa hulala juu ya kingo za kishimo na kutoa kipimo kidogo kuliko pengo halisi. Pinda elektrodi ya pembeni peke yake, polepole, na usiegemeze chochote kwenye ile ya kati wala kwenye kauri.

Je, inafaa kusafisha plagi na kuirudisha?

Plagi yenye masizi makavu, ambayo kingo zake bado ni kali, inaweza kusafishwa kwa kisafishio cha kabureta na brashi laini ya nailoni, ikaachwa ikauke kabisa na kurudishwa. Brashi ya waya haifai, kwa sababu huacha michirizi ya chuma juu ya kauri, na michirizi hiyo hupitisha umeme kama masizi uliyoyatoa. Mchanga wa kupuliza kwa mashine huacha chembe katika mwanya kati ya kauri na ganda, na chembe hizo huishia ndani ya silinda. Kuipasha plagi kwa moto hadi iwe nyekundu, njia ambayo wengi tumeiona ikifanywa, huunguza kaboni kweli, lakini huweza kuipasua kauri mahali pasipoonekana.

Kupiga tupa elektrodi ili kurudisha kingo ni jambo linalowezekana kwa nikeli tu. Plagi za platinamu na iridi zina ncha nyembamba ya madini hayo, ambayo tupa huiondoa kwa mpapaso mmoja. Plagi yenye oili, majivu mazito au kauri yenye ufa haistahili kusafishwa.

Kuna ringi ya kahawia juu ya kauri ya nje, karibu na ganda. Je, moshi unavuja?

Hapana. Volti kubwa huvuta chembe za oili na vumbi zilizo hewani na kuzigandisha hapo. Mstari mweusi unaopanda wima juu ya kauri ya nje ndio wenye ubaya: umeme umekuwa ukiteremka nje ya plagi, kwa kawaida kwa sababu ya kofia ya mpira iliyochoka, na inafaa plagi na kofia zibadilishwe pamoja.

Daraja la joto ni nini, na je, plagi ya moto zaidi itaondoa masizi?

Daraja la joto hueleza jinsi plagi inavyolitoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye silinda hedi. Pua ndefu ya kauri hulipitisha polepole, hivyo plagi hubaki na moto. Pua fupi hulipitisha upesi. Tahadhari na namba: kwa NGK, namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi, ilhali kwa Bosch na Champion namba kubwa humaanisha plagi yenye moto zaidi. Mtu anayebadilisha chapa kwa kulinganisha namba tu huweza kwenda upande usiokusudiwa.

Plagi yenye moto zaidi kwa daraja moja yaweza kusaidia gari linalotembea umbali mfupi tu, au injini iliyochoka inayopandisha oili kidogo, ikiwa mwenye gari ameshakubali kutoifungua kwa sasa. Kuitumia kuficha kabureta iliyofurika ni kosa, kwa sababu siku gari litakapokwenda safari ndefu yenye mzigo, plagi hiyo itazidi joto. Urefu wa nyuzi nao usibadilishwe kwa makisio: plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni.

Nilitoa plagi, nikaigusisha kwenye injini na kuona cheche nzuri. Kwa nini bado haiwaki vizuri ndani?

Hewa ya nje haijagandamizwa. Ndani ya silinda hewa imebanwa mara kadhaa, na volti inayohitajika kuruka pengo lile lile ni kubwa zaidi. Jaribio hilo linaweza kuthibitisha kwamba cheche haipo kabisa, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba inatosha. Ukilifanya, shika waya kwa koleo lenye mpira, na uhakikishe hakuna mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu la silinda lililo wazi kando yake.

Plagi zibadilishwe baada ya kilomita ngapi, na zikazwe kiasi gani?

Za nikeli, katika injini ya pointi, hudumu takriban kilomita 15,000 hadi 30,000. Za platinamu na iridi hudumu zaidi kwa upande wa uchakavu, lakini huchafuka kwa masizi na oili kama nyingine zote, kwa hiyo injini inayochafua plagi haifai kununuliwa za gharama kubwa.

Anza kuikaza kwa vidole tu hadi ifike mwisho. Ikigoma katika mizunguko ya kwanza, itoe na uanze upya, kwa maana nyuzi zimepishana. Plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana, ili washa ibanwe. Iliyokwisha kutumika, ambayo washa yake imeshabanwa, huhitaji takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu, na yenye kikalio chenye umbo la pia, isiyo na washa, sehemu moja ya kumi na sita. Ukipaka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye nyuzi, punguza mkazo, kwa sababu nyuzi zenye utelezi hukazika zaidi ya mkono unavyohisi. Plagi iliyolegea nayo ina hasara yake: joto halipiti vizuri kwenda kwenye silinda hedi, na ncha huungua kana kwamba ulichagua daraja lisilofaa.